UZI: Nyanda za Juu Kusini – vilivyochukuliwa, vilivyorudi na vilivyobaki mahali pake

#1 – Mwana_Kihesa (mleta uzi)

Kamwene wakuu.

Jumapili iliyopita nilikwenda Isimila, eneo la zana za mawe za kale karibu na Iringa mjini, kurudisha jiwe. Mpwa wangu wa darasa la nne alikuwa amekwenda huko na wenzake kwenye ziara ya shule. Jioni mama yake akakagua begi, akakuta jiwe katikati ya madaftari. Akadhani ni la kuchezea, akaliweka dirishani. Nilipopita kuwasalimia nikaliona, nikaligeuza mkononi, moyo ukanipiga paa. Lilikuwa na urefu wa kiganja changu. Ncha moja mviringo, inakaa vizuri mkononi, ncha ya pili imechongoka. Pande zote mbili limebanduliwa vipande vidogo vidogo, na makovu yake yamepangana kama magamba ya samaki hadi ukingoni. Jiwe la mtoni haliwi hivyo. Lile lilikuwa shoka la mkono, limechongwa na kiumbe aliyeishi kabla hata watu wa sura yetu hawajaenea duniani.

Basi tukalibeba, mimi na mtoto. Mzee tuliyemkuta pale alilipokea kwa mikono miwili, akamuuliza mtoto swali moja tu: "Mjukuu wangu, uliliokota wapi hasa?" Mtoto akatazama korongo lote, akanyoosha kidole huku, akakihamishia kule, kisha akanyamaza. Mzee hakumkaripia. Akamwambia: "Jiwe tumelipata. Habari yake ndiyo tuliyoipoteza." Akamweleza kwamba jiwe husomwa pamoja na tabaka la udongo lililolala ndani yake, na majirani zake, mifupa na vibanzi vilivyodondoka wakati linachongwa. Ukilihamisha, linabaki zuri lakini bubu.

Maneno hayo yamenikaa wiki nzima, ndiyo maana nimeamua kufungua uzi huu. Nimezaliwa Iringa, na kazi yangu ya mizigo imenipitisha barabara ya Zambia kwa miaka mingi, kuanzia mlima Kitonga hadi Tunduma. Naona mabasi na malori yanavyopita kasi, abiria wamelala, wakati dirishani kuna historia ambayo wengine hupanda ndege kuifuata. Nitaandika kidogo kidogo kadiri ya nafasi. Mwenye swali aulize, mwenyeji wa huko mbele anisaidie.

Kwanza ardhi yenyewe. Ukitoka Ruaha Mbuyuni, pale kwenye vitunguu na joto, gari linaanza kupanda Kitonga. Barabara imebanwa kati ya mwamba na bonde, kona juu ya kona, na ukifika juu hewa imeshabadilika. Mji wa Iringa uko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia hapo hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 300, unatembea mgongoni mwa nyanda. Kushoto kwako, unapoelekea kusini, ardhi inapanda kwenda Mufindi, Njombe na Makete. Kulia inashuka taratibu hadi bonde la Usangu. Mbeya ndipo mikono miwili ya Bonde la Ufa inapokutana: ule wa Rukwa, na ule unaokuja na Usangu, kisha bonde linaendelea hadi Ziwa Nyasa. Pale ardhi ilipochanika pande zote, moto wa chini ukapata njia, nasi tukapata volkano za Rungwe, Ngozi na Kyejo.

Na maji. Ruaha Mkuu unakusanya maji ya milima ya Uporoto na Kipengere, unapita Usangu kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali, unapokea Ruaha Mdogo wa hapa Iringa, unajaza mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, halafu unaingia Rufiji. Mtu anayewasha taa Dar es Salaam anatumia mvua iliyonyesha huku kwetu.

#2 – Mpitanjia

Mkuu, umenigusa. Nimepita hapo Isimila zaidi ya mara ishirini, naona kibao tu. Ni mbali na barabara? Na hizo nguzo za udongo tunazoziona kwenye picha ndizo zilizochimbwa na hao watu wa kale?

#3 – Mwana_Kihesa

Si mbali kabisa. Kutoka Iringa mjini ni kama kilomita 20 kwa barabara ya Mbeya, kisha unakata kushoto kipande kifupi.

Nguzo hazikujengwa na mtu. Mahali pale palikuwa bwawa la maji ya kina kifupi, mchanga na udongo ukajikusanya tabaka kwa tabaka kwa maelfu ya miaka. Baadaye maji ya mvua yakaanza kula ardhi ileile yaliyoijenga. Sehemu laini ikaondoka, ile iliyofunikwa na tabaka gumu juu yake ikabaki imesimama kama mtu aliyejitwika mzigo. Zina rangi ya kutu na ya siagi, na jua la saa kumi na moja likizipiga zinakuwa kama zinawaka ndani. Kila masika zinapungua kidogo. Tafadhali msipande wala msichonge majina juu yake.

Zana za mawe ziko upande wa korongo. Mwaka 1951 mwanafunzi wa shule kutoka Afrika Kusini alipita, akaokota baadhi na kwenda nazo, na hivyo ndivyo wataalamu walivyopata habari. Mwaka 1957 na 1958 akaja F. Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake, wakachimba kwa utaratibu. Walikuta mashoka ya mkono na zana zenye makali mapana kwa wingi wa ajabu, zimelala kama zilivyoachwa, pamoja na mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, ambaye macho yake yalitokeza juu kuliko ya kiboko wa leo. Vipimo vilivyofanywa baadaye kwa madini ya urani vilitoa umri wa takriban miaka 260,000.

Ukienda, omba mwongozaji akuruhusu kushika moja. Mengine ni makubwa hadi yanataka mikono miwili. Utagundua vidole vyako vinajipanga vyenyewe, kidole gumba kinapata mahali pake. Hakuna anayekufundisha. Kwangu mimi, hapo ndipo miaka 260,000 inapokoma kuwa tarakimu.

Na oneni ilivyo: jiwe la kwanza kuondoka Isimila liliondoka na mwanafunzi wa shule, na mpwa wangu amefuata nyayo zilezile. Yule wa kwanza alituletea wachimbaji. Lakini leo mahali panajulikana, hakuna sababu ya mtu mwingine kubeba chochote.

#4 – Mwalimu_wa_Historia

Ongezea na Mlambalasi mkuu. Watu wanajua kaburi la Mkwawa tu, hawajui kwamba mwamba ule una watu wa kale zaidi.

#5 – Mwana_Kihesa

Mwalimu, umenitoa maneno mdomoni. Nitaanza na Mkwawa, kwa sababu Mlambalasi na Kalenga ni simulizi moja.

Wahehe kama kabila moja ni jambo la karne ya 19. Kabla ya hapo palikuwa na tawala ndogondogo, kila moja na mtwa (chifu) wake. Aliyeziunganisha kwa vita na kwa kuoana ni Munyigumba wa ukoo wa Muyinga, na alipofariki mwaka 1879, baada ya ugomvi wa urithi, kiti kikaja kwa mwanawe Mkwavinyika, ambaye dunia inamjua kama Mkwawa. Ngome yake ilikuwa Kalenga, kilomita kama 15 kutoka mji wa leo, kando ya Ruaha Mdogo. Kwa Kihehe ngome ni *lilinga*. Hapo ndipo lilipotoka jina Iringa.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, upande wa mashariki wa mji, jeshi la Wahehe lililojificha vichakani lilikishukia kikosi cha Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani na bara walimwita Nyundo. Walikuwa kwenye msafara, bunduki nyingi hazijajazwa risasi. Katika muda mfupi Zelewski alikuwa amekufa, pamoja na Wajerumani wengine tisa na askari zaidi ya 200. Wahehe nao walipoteza watu wengi, hilo tusilifiche. Nguzo ya kumbukumbu ya Wajerumani wale ipo hadi leo kule Lugalo, nayo kambi ya jeshi ya Dar es Salaam ikachukua jina la mahali hapo.

Wajerumani walirudi na mizinga. Tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka. Mkwawa akatoka, akaendesha vita vya msituni kwa karibu miaka minne, huku zawadi ya rupia 5,000 ikitangazwa kwa atakayeleta kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa mgonjwa na amezingirwa, akajipiga risasi hapo Mlambalasi. Kichwa kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Mwili wake ukazikwa palepale.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kila nikilisoma nasimama. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, mkataba uliogawa nchi na kupanga fidia za mataifa makubwa, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Miezi sita ikapita, na miaka, na vita vingine vikubwa. Hadi gavana Edward Twining alipolifuatilia katika jumba la makumbusho la Bremen, na mwaka 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, huyuhuyu aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi.

Kwa hiyo fuvu liko Kalenga kwenye makumbusho, mwili uko Mlambalasi. Njia ni moja, ile ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa akipita Kalenga anavua viatu. Nilikuwa mdogo, nilidhani anaogopa tope.

#6 – Mpitanjia

Swali kwa heshima zote. Walijuaje kwamba fuvu ni la Mkwawa? Bremen si walikuwa na mafuvu mengi?

#7 – Mwana_Kihesa

Mengi, ndiyo, na wingi huo wenyewe unauma. Twining aliwapima vichwa ndugu wa Mkwawa hapa Uhehe, akatafuta fuvu lenye uwiano unaofanana, kisha akaangalia lenye tundu la risasi. Wanahistoria wameendelea kubishana juu ya njia hiyo, na ni haki yao. Wazee wa Kalenga walilipokea, wakalifanyia mila zote za msiba. Ukiingia pale utaona watu wanashusha sauti bila kuambiwa.

Sasa Mlambalasi ya Mwalimu. Juu ya kaburi kuna mwamba mkubwa uliotokeza kama baraza, chini yake pakavu. Watafiti wa Tanzania na wa Chuo Kikuu cha Alberta cha Kanada, wakiongozwa na Pamela Willoughby, wamechimba pale mwaka 2006 na 2010. Juu walikuta mabaki ya zama za chuma, chini zaidi zana ndogondogo za mawe, shanga za ganda la yai la mbuni, na mifupa ya watu waliozikwa zaidi ya miaka 12,000 iliyopita. Magubike, mwamba mwingine wa mkoa huuhuu, umeonyesha kwamba watu walikaa hapo tangu zama za kati za mawe.

Shanga hizo zilinishughulisha. Unavunja ganda, unatoboa kipande katikati bila kukipasua, halafu unakisugua hadi kiwe duara dogo kuliko punje ya dengu. Kisha unarudia, na kurudia, hadi upate mkufu. Mtu mwenye njaa tu hana muda huo. Yule alikuwa na mtu wa kumvalisha.

Kwa hiyo Mkwawa alipokimbilia mwamba ule alikimbilia mahali ambapo binadamu wamekuwa wakijihifadhi kwa maelfu ya miaka.

Kwa wanaokuja Iringa mjini tu, msiondoke bila kupanda Gangilonga, "jiwe linaloongea". Igeleke nako, pembeni ya mji, kuna michoro ya kale kwenye mwamba: wanyama na alama kwa rangi nyekundu. Na Iringa Boma, makumbusho ndani ya jengo la enzi ya Wajerumani, yamepangwa vizuri sana. Mimi huwa napitia hapo kwanza na wageni wangu, halafu ndipo twende Kalenga.

#8 – Mbena_Halisi

Kamwene mkuu. Umeandika Uhehe peke yake kurasa mbili, sisi Njombe utatupitia kwa basi?

#9 – Mwana_Kihesa

Kamwene sana. Sitawapitia, ingawa nakiri Njombe naijua kwa mizigo ya viazi na mbao kuliko kwa mambo ya kale, hivyo unisahihishe.

Kutoka Makambako unaacha barabara ya Zambia, unapanda kama kilomita 60. Hapa ni Ubena. Lugha ya Kibena na Kihehe zinaelewana kiasi kwamba salamu ya "kamwene" inakubebea safari nzima. Juni na Julai baridi ya huku haina mchezo, asubuhi majani yanakuwa meupe kwa jalidi. Ukiingia mjini, maporomoko ya Luhuji unayaona ukiwa barabarani.

Wabena walikuwa na vita vyao pia. Septemba 1905, wakati Majimaji imefika nyanda hizi, walishambulia misheni ya Yakobi karibu na Njombe. Wahehe hawakuingia, kumbukumbu ya 1894 hadi 1898 ilikuwa mbichi bado. Watu husahau kwamba Majimaji ilipanda hadi kwenye baridi hii.

Msitu wa Nyumbanitu nao siwezi kuuacha. Jina maana yake ni nyumba nyeusi. Ni msitu wa asili wenye pango, na Wabena wameutunza kwa miko: hukati mti, huingii bila wazee. Wanasimulia juu ya kuku weusi wanaoishi humo bila mwenyewe, na hakuna anayethubutu kuwashika. Zunguka pande zote, utaona miti ya kupandwa, misonobari na mikaratusi, na katikati kipande kile cha giza la zamani. Miko imefanya kazi ambayo uzio usingeiweza.

Na ulanzi! Hauko kwenye mada, lakini mtu asijesema nimepita Iringa na Njombe bila kuutaja. Masika mianzi ikichipua, mgema anakata ncha ya chipukizi asubuhi na jioni, kila mara kipande chembamba, na utomvu unadondokea kwenye mbeta ya mwanzi. Ukinywa siku hiyohiyo ni mtamu kama togwa. Ukiuacha unakuwa mambo mengine.

#10 – Mbena_Halisi

Umetutendea haki. Niongeze tu: Ludewa wenzetu Wapangwa walifua chuma muda mrefu kabla ya habari za chuma cha Liganga kuwa kwenye magazeti. Na Makete, Wakinga. Usiwasahau Wakinga, ndio wenye maduka nchi nzima.

#11 – Mwana_Kihesa

Wakinga siwasahau, kwa kuwa ndio lango la Kitulo. Uwanda wa Kitulo uko kama mita 2,600, nyasi tupu zinazopepea hadi upeo wa macho, na kuanzia Desemba hadi Aprili zinachanua maua ya kila rangi. Wenyeji hupaita Bustani ya Mungu. Hapo pana aina zipatazo 45 za okidi za ardhini. Mwaka 2005 ikawa hifadhi ya taifa, na sababu mojawapo inaingia kwenye uzi huu moja kwa moja: viazi vya okidi vilikuwa vinachimbwa na kupelekwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Kiazi kikishang'olewa, ua halirudi. Magunia kwa magunia yalikuwa yanavuka mpaka.

Mwezi wa pili mwaka jana nilisimama pale asubuhi, ukungu umekaa chini ya magoti. Ukiinama unakuta ua moja dogo jeupe lina madoa ya zambarau mdomoni, limelowa, na mdudu amelala ndani yake akisubiri jua. Nilipiga picha nikaliacha.

Sasa Rungwe. Binti_Tukuyu naona yuko mtandaoni, naomba ashike hapo.

#12 – Binti_Tukuyu

Ugonile, kaka. Ndaga kwa kutukumbuka.

Kwetu ni nchi ya kijani kwa sababu mbili: mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wa volkano. Rungwe yenyewe ina karibu mita 2,960. Kyejo ililipuka mara ya mwisho karibu mwaka 1800, si zamani sana, na wazee walirithishwa habari zake. Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira ni lava ile ya kale: maji yalitoboa chini, juu pakabaki upinde wa mwamba ambao watu wanavuka kwa miguu. Mto wote unapita chini yake kwa ngurumo. Ziwa Ngozi liko ndani ya kreta, kuta zake zimesimama wima na msitu umezifunika hadi majini. Unapanda kwa miguu, unafika ukingoni, na ziwa liko chini kabisa, kijani, kimya.

Sisi Wanyakyusa tulikuwa na jambo ambalo wageni wengi wameliandika: vijiji vya rika. Wavulana wakifikia umri walihama kwa baba zao, wakajenga kijiji chao, wakakua pamoja, wakaoa humo na kuzeeka humo. Na Lubaga, kwenye kichaka kitakatifu cha Lwembe, mtawala wetu mtakatifu wa kale, ndiko makabila ya pande hizi yalikopeleka dua za mvua. Wakinga wana masimulizi ya undugu nasi yanayopita hapo.

Na kuna kipunji. Nyani huyu mwenye manyoya marefu na ushungi kichwani aliingia kwenye vitabu vya sayansi mwaka 2005, na mwaka uliofuata wakaona anastahili jenasi yake mwenyewe, ya kwanza mpya kwa nyani wa Afrika tangu 1923. Lakini jina kipunji ni letu. Wawindaji na wazee walikuwa wanalitaja, watafiti wakasikiliza, wakaenda kumtafuta.

#13 – Mwana_Kihesa

Hilo la kipunji nalipenda kuliko yote uliyosema. Jina lilikuwepo, mnyama alikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa kuuliza.

Kutoka Tukuyu teremka hadi Kyela, joto linarudi, migomba, kakao na mpunga, kisha Matema ufukweni, milima ya Livingstone imesimama nyuma ya ziwa kama ukuta. Ng'ambo kidogo ni Ikombe, kwa Wakisi. Wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu tangu enzi, vina udongo mwepesi, kuta nyembamba na nakshi za rangi nyeupe na nyekundu, vinasafirishwa kwa mitumbwi hadi sokoni. Mama mmoja nilimwona akilainisha ukingo wa chungu kwa kipande cha ganda, akakigonga kwa ukucha, akasikiliza, akakigonga tena upande wa pili. Nikamuuliza anasikiliza nini. Akanijibu: "Kama kina ufa kitasema."

Mwisho ni Songwe. Kutoka Mbeya kama kilomita 65, kijiji cha Ndolezi wilaya ya Mbozi, kuna kimondo. Si jiwe, ni chuma: takriban asilimia 90 chuma, kilichobaki kwa sehemu kubwa ni nikeli. Urefu kama mita 3, uzito unakadiriwa tani 16. Mwaka 1930 mpima ardhi W. H. Nott akakiandikia ripoti. Wenyeji walikijua, lakini hawana masimulizi ya kuanguka kwake, na shimo kililochimba limeshafutika, kwa hiyo kilianguka zamani mno. Kilikuwa kimezikwa nusu. Walichimba kukizunguka, ndiyo maana leo kimekaa kama kwenye kiti. Tafuteni upande wenye mkato ulionyooka. Pale palikatwa kwa msumeno ili kipande kiende kuchunguzwa. Weka kiganja kwenye mkato huo, halafu kwenye ngozi yake iliyobaki, yenye vishimo kama imebonyezwa kwa vidole gumba. Mchana kinaunguza, asubuhi ni baridi kama barafu.

Ndugu yake mdogo hana kiti. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kingine kilianguka Ivuna, kule kwenye bonde la Rukwa. Kilichookotwa ni gramu 705 tu. Lakini ni wa aina adimu mno, ya udongo na kaboni, iliyobeba karibu mchanganyiko uleule uliolifanya jua na sayari. Kundi zima la vimondo vya namna hiyo wataalamu huliandika CI, na hiyo I ni Ivuna. Wajapani walipoleta mchanga kutoka kwenye asteroidi Ryugu mwaka 2020, walipoupima wakakuta unafanana na kundi hilo. Kijiji cha wachemsha chumvi, ambao wanaakiolojia wamekuta mabaki ya kazi yao tangu karne ya 13, kimo midomoni mwa wanasayansi wa anga duniani kote.

Bonde hilohilo ndiko yalikopatikana mabaki ya Rukwapithecus na Nsungwepithecus, yaliyotangazwa mwaka 2013. Yana miaka milioni 25. Mmoja upande wa sokwe, mwingine upande wa nyani, ushahidi wa kale zaidi uliopatikana wa koo hizo mbili kuwa zimeshaachana.

#14 – Mpitanjia

Mkuu, nina likizo ya siku tano mwezi wa kumi na mbili, mimi na mke wangu na watoto wawili. Tunatokea Morogoro. Tuanzie wapi?

#15 – Mwana_Kihesa

Siku ya kwanza fikeni Iringa mchana, Boma jioni, jua lizame mkiwa Gangilonga. Siku ya pili asubuhi Kalenga na Mlambalasi kwa njia moja, bebeni maji na chakula. Mkirudi mapema, Isimila saa kumi. Siku ya tatu endeleeni Mbeya, lalieni Tukuyu. Ya nne Daraja la Mungu, na kama watoto wana miguu, Ngozi. Ya tano Mbozi asubuhi na mapema, halafu mgeuze. Kitulo itunzieni safari yake, haitaki haraka, na desemba mvua inaharibu njia, mtahitaji gari la juu.

Mbebee kila mtoto daftari na penseli. Mpwa wangu tulipokuwa tunaondoka, mzee wa Isimila alimrudisha korongoni na karatasi, akamwambia achore mahali alipodhani aliliokota jiwe: mti, njia, kona ya mto. Amechora mara tatu. Ya tatu ameongeza mwenzake aliyekuwa amekaa kwenye gogo, na hapo akakumbuka kwamba alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu. Jumamosi hii tunarudi kulitafuta hilo gogo.